Mstari wa Sentimita Kumi

Wamenipa pauni mia na ishirini nikae na njaa,
mimi niliyekaa nayo bure miaka mingi.
Aberdeen, hospitalini, ghorofa ya nne, mwezi wa Novemba.
Mshipa wa mkono una mrija wa plastiki
na kila nusu saa muuguzi Eilidh anakuja na viatu visivyolia
kuchota damu kijiko kimoja, kama mtu anayeonja mchuzi.

Kisha hunipa karatasi. Juu yake mstari.
Mwanzo wa mstari: sina njaa kabisa.
Mwisho wake: sijapata kuwa na njaa kama hii.
Niweke alama mahali nilipo.

Nauliza: njaa ipi?
Kwetu kuna njaa, na kuna uchu,
kuna hamu, ambayo hata aliyeshiba anayo,
kuna mate kujaa kinywani
kwa sababu tu jirani kakaanga kitunguu.
Eilidh anacheka. Weka tu alama, mama.

Daktari Farquhar amenichorea ubongo nyuma ya bahasha.
Hapa chini, anasema, ukubwa wa lozi, ndipo panapoamuliwa
kula, kunywa, kulala, kumtaka mtu.
Vyumba vya kupanga, ukuta mmoja mwembamba:
huyu akikohoa, yule anasikia.
Nikamwambia sisi tulijua.
Mwezi wa Ramadhani hatukuambiwa tuache wali tu.
Mchana, wali na mume viliwekwa kabati moja
na ufunguo wake ulikuwa jua.

Lakini kufunga kule kuna nia.
Unaitia usiku, na njaa ikija asubuhi inamkuta mwenyeji,
inavua viatu, inakaa mkekani kwa adabu.
Hii ya leo nimeifunga kwa saini na namba ya benki.
Imeingia na matope yake.

Saa kumi alfajiri: alama katikati ya mstari.
Saa kumi na nusu: palepale.
Kitanda cha pili Bwana Geddes, dereva wa basi mstaafu,
anaota kwa sauti, anataja soseji.

Saa kumi na moja na nusu kitu kikapanda.
Hakikuanzia tumboni.
Kilianzia nyuma ya magoti, kikapita kiunoni,
kikakaa kooni kama neno.
Kalamu ikakimbia mpaka sentimita ya tisa.

Kulipokucha daktari akanionyesha grafu:
grelini, homoni ya njaa, kilima kimoja kirefu.
Tumbo lina saa, alisema. Hupiga kengele wakati liliouzoea,
usipoitika, hunyamaza lenyewe.
Wewe hula saa kumi na moja na nusu?

Wakati huo Kombo alikuwa akirudi.
Miaka kumi na tisa, zamu ya usiku, kiwanda cha mikate,
unga kwenye nywele za mikono,
na ndani ya koti mfuko wa karatasi:
mikate bapa ya siagi na chumvi, bado moto.
Tulikula kitandani.
Kombo ni mimi mmoja, alikuwa akitania,
haya mengine kwenye shuka ni makombo.
Kipi kilitangulia, mkate au yeye,
hata siku zile nisingepata jibu la kuandikika.

Mwaka wa nne sasa yuko chini ya baridi hii
na damu yangu bado inaamka
kumfungulia mlango.
Inasimama pale kizingitini, inasikiliza ngazi,
halafu inarudi kulala bila kumlaumu mtu.

Nilimjibu daktari: ndiyo, hula saa hiyo.
Akaandika.

Eilidh akaleta tosti mbili, siagi pembeni.
Ya kwanza nilikula kwa njaa.
Ya pili nilikula kwa sababu ilikuwa bado moto.